Domeini Nne, Kitalu Kimoja: Je, Zinakupandisha Google?



Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie soko. Vijana wenye vitalu huniuliza sana swali hili: "Bwana shamba, nina tovuti moja ya miche ya parachichi. Nikinunua domeini nne, zote zikaonyesha tovuti ileile, si nitatokea mara nne Google?"

Jibu fupi ni hapana. Utalipia majina manne kila mwaka, na huenda ukawa nyuma kuliko ungebaki na jina moja. Tuone kwa nini, halafu tuone cha kufanya kama umeshanunua.

Google inaonaje majina mengi

Tovuti ni duka, domeini ni kibao cha nje. Wewe unajua vibao vinne ni vya duka moja, lakini Google haijui. Kwake kila anwani ni ukurasa unaojitegemea. Hata anwani yenye www na isiyo na www ni mbili tofauti.

Ikikuta maelezo yaleyale kwenye anwani nne, inaziweka kundi moja, inachagua moja ya kuonyesha na nyingine inaziacha pembeni. Hiyo si adhabu. Tatizo ni kwamba usipoielekeza, inachagua yenyewe, na inaweza kuchagua jina ambalo hata hukuliandika kwenye vifungashio vyako.

Tatizo la pili ni viungo. Tovuti nyingine ikiweka kiungo cha kuja kwako, Google inahesabu hiyo kama dalili ya kuaminika. Sasa kikundi cha wakulima kikiunga jina la kwanza, redio ya mkoa jina la pili, mteja jina la tatu, nguvu inaweza kugawanyika. Ni kama shina la mgomba ulioachiwa machipukizi yote: chakula kinagawanyika na mikungu inakuwa midogo.

Vipi jina lenye neno la bidhaa?

Wengine wananunua majina yenye maneno kama "miche" au "parachichi" wakidhani jina tu litawapandisha. Hiyo ni mbinu ya zamani. Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko ya kushusha tovuti dhaifu zilizokuwa juu kwa sababu tu jina lao lilifanana na maneno yanayotafutwa. Jina la namna hiyo si kosa, ila halibebi tovuti tupu.

Fanya hivi

1. Chagua jina kuu moja. Kama wateja wako wako Tanzania, jina linaloishia na .tz linaisaidia Google kujua unalenga nchi hii. Ukilenga wanunuzi wa nchi nyingi, .com inafaa.

2. Majina mengine yaelekeze kwenye jina kuu kwa kudumu. Mwambie fundi wako, "Nataka 301." Ataelewa. Kila ukurasa uende kwenye ukurasa unaofanana nao. Wa bei uende kwenye bei, usirundike yote ukurasa wa mwanzo.

3. Mwambie pia aweke alama ya kanonikali kwenye kurasa zako. Inaiambia Google ni anwani ipi unayotaka ionyeshwe.

4. Ukihama kutoka jina la zamani kwenda jipya, toa taarifa kupitia Google Search Console, na uache uelekezaji ufanye kazi angalau mwaka 1.

5. Jina la zamani lililoandikwa kwenye mifuko, vipeperushi au gari, endelea kulilipia. Hapa mfano wa mgomba unaishia: jina la ziada haling'olewi, linaelekezwa. Ukiliacha liishe muda, mtu mwingine anaweza kulisajili. Mteja wako akiliandika, atajikuta kwa mtu mwingine huku akidhani yuko kwako, na anaweza kutuma malipo ya miche huko.

Majina mengi yanafaa lini?

Yanafaa kulinda jina lako, kwa mfano kumiliki .com na .co.tz zote mbili. Yanafaa pia ukiwa na biashara mbili tofauti kweli, tuseme kitalu na vifaranga, kila moja na tovuti yake na maelezo yake.

Lakini usitengeneze tovuti ya Njombe, ya Iringa na ya Mbeya zenye maneno yaleyale, umebadilisha jina la mkoa tu, zote zikimpeleka mteja sehemu moja. Hiyo Google inaihesabu kuwa udanganyifu, na inaweza kuzishusha au kuziondoa kabisa.

Hela ya domeini za ziada itumie kwenye tovuti yenyewe. Weka picha za miche yako halisi, aina (kama ni Hass iliyobebeshwa, sema), umri wa miche, bei, na mikoa unayofikisha mzigo. Hayo ndiyo mteja anayoyatafuta.

Zoezi la leo

Chukua simu, andika kila jina unalomiliki, kwanza na www, halafu bila www. Tovuti ikifunguka, tazama anwani iliyo kwenye kivinjari. Ikiwa kila mara inageuka kuwa jina lako kuu, uko sawa. Kama kila jina linabaki vilevile, mpigie fundi wako leo, kabla msimu wa miche haujaanza.