Jina, lugha na ukimya: mtoto aliyefichwa kama somo la lugha

Katika masomo ya fasihi ya ushuhuda tunakutana mara nyingi na watoto wa Kiyahudi waliofichwa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wenzangu wengi husoma habari hizo kama historia ya watu wa mbali. Mimi nazisoma kama somo la lugha, na naona kwamba sisi tunaosomea Bunia tuna sababu zetu za kulifuata kwa makini. Hoja yangu ni hii: mtoto hufichwa kwa maneno kabla ya kufichwa kwa kuta. Hupewa jina jingine, huambiwa aseme lugha nyingine, hufundishwa kunyamaza. Vita vikiisha hutoka mafichoni, lakini maneno aliyofichwa nayo hubaki naye, na mara nyingine huwa ndiyo anayotumia kusimulia.

1. Jina

Saul Friedländer alizaliwa Praha mwaka 1932 katika familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kijerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa Pavel. Mwaka 1939 familia ilikimbilia Ufaransa, na huko akawa Paul. Mwaka 1942, Wayahudi walipoanza kukamatwa kwa wingi, wazazi wake walimweka katika shule ya bweni ya Kikatoliki mjini Montluçon. Alibatizwa, akaitwa Paul-Henri Ferland. Wazazi walijaribu kuvuka kuingia Uswisi, wakarudishwa mpakani, wakapelekwa Auschwitz, wala hawakurudi. Mtoto alilishika jina jipya na dini mpya kwa moyo wote, hata akataka kuwa padri Mjesuiti. Mwaka 1946 Mjesuiti mmoja ndiye aliyemweleza yaliyotokea Auschwitz. Miaka miwili baadaye alikwenda Israeli, akawa Shaul. Kila jina hapa lina kazi yake: moja la kuzaliwa, moja la ugenini, moja la kuokoka, moja la kuanza upya.

Upande wa pili wa jambo hili ni kazi ya wale waliotoa majina hayo. Andrée Geulen alikuwa mwalimu kijana mjini Brussels. Mwaka 1942 alipoona wanafunzi wake wamelazimishwa kuvaa nyota ya njano, aliagiza darasa zima livae aproni ili nyota zisionekane. Baadaye alijiunga na mtandao wa siri uliowatoa watoto kwa wazazi wao na kuwapeleka kwenye familia na nyumba za watawa. Mtandao huo uligawa habari za kila mtoto katika madaftari tofauti: jina la kweli mahali pamoja, jina la bandia mahali pengine, anwani kwingine, vyote vikiunganishwa kwa namba za siri. Askari aliyekamata daftari moja hakupata mtoto. Lakini vita vilipoisha, madaftari yaliwekwa pamoja, na watoto wengi wakarudishiwa majina na jamaa waliosalia. Jina lilifichwa bila kupotezwa.

2. Lugha

Biblia, katika kitabu cha Waamuzi, inasimulia jinsi watu walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa sababu walishindwa kutamka neno moja, "Shibolethi". Tangu hapo neno hilo limekuwa jina la kila mtihani wa ulimi. Kwa mtoto anayewindwa, lafudhi inaweza kumsaliti kuliko sura.

Karibu nasi, mwaka 1994 nchini Rwanda, mtihani huo haukuwezekana: Watutsi na Wahutu husema Kinyarwanda kimoja. Wauaji walitegemea vitambulisho vyenye kabila, utaratibu ulioletwa na utawala wa Ubelgiji katika miaka ya 1930. Beata Umubyeyi Mairesse, mtoto wa mama Mtutsi na baba mzungu, alikuwa na miaka 15 mjini Butare. Alipofikiwa na wauaji alisema Kifaransa, akajidai kuwa Mfaransa. Lugha ya shule ikawa mlango wa kutokea. Juni 18 mwaka huo yeye na mama yake walivuka kwenda Burundi pamoja na msafara wa watoto ulioandaliwa na shirika la Terre des hommes.

Na hapa kwetu? Wanafunzi wa lugha tunajua kwamba Wahema wa kusini husema Kihema, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kinyoro, lakini Wahema wa kaskazini husema Kilendu. Basi katika vita vya Ituri, vilivyoanza 1999 na kuifikia Bunia kwa ukali Mei 2003, lugha peke yake haikuweza kuonyesha nani ni nani. Jina lilisema zaidi. Mimi naishi Bigo. Majirani waliokuwa watoto wakati ule wameniambia zaidi ya mara moja agizo walilopewa na wazazi: mlangoni na njiani, Kiswahili tu, na jina la ubatizo tu. Kiswahili ni cha wote, hakimtaji babu wa mtu. Tunapokisifu kama lugha ya soko na ya umoja, tukumbuke kwamba kwa watoto wale kilikuwa pia blanketi la kujifunika.

3. Ukimya

Friedländer alichapisha kumbukumbu zake za utotoni mwaka 1978, zaidi ya miaka 30 baada ya vita. Mairesse alianza na hadithi fupi na riwaya. Kitabu kinachosimulia waziwazi kuokoka kwake, Le Convoi, kilitoka mwaka 2024, miaka 30 kamili baadaye. Jambo jingine linawaunganisha: wote wawili waliandika kwa Kifaransa. Kwa Friedländer, Kifaransa hakikuwa lugha ya mama. Kilikuwa lugha ya bweni alimofichwa. Kwa Mairesse, ndicho alichosema mbele ya wauaji. Lugha ya maficho imekuwa lugha ya ushuhuda.

Tukitumia kipimo hicho, aliyekuwa na miaka 10 Bunia mwaka 2003 leo ana miaka zaidi ya 30, na huenda ndiyo kwanza anaanza kutafuta maneno. Nyuma yake wapo watoto waliokimbia Djugu tangu mwisho wa 2017. Huenda Kiswahili kilichowafunika ndicho watakachosimulia nacho.

4. Yanayotuhusu

Wengi wetu tutakusanya masimulizi kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo. Napendekeza kanuni tatu kwa kitivo.

Kwanza, msimulizi achague lugha mwenyewe, na maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema. Tukikigeuza Kiswahili cha Bunia kuwa Kiswahili cha vitabu, au kukitafsiri moja kwa moja kwa Kifaransa ili kimpendeze mwalimu, tunamvua mtu vazi aliloponea.

Pili, tufuate madaftari ya Brussels: jina la kweli lisikae pamoja na simulizi. Usalama wa Ituri bado haujatulia, na karatasi husafiri kuliko mwandishi wake. Lakini lihifadhiwe mahali, ili mwenyewe aweze kulidai siku atakayotaka.

Tatu, mtu akinyamaza katikati ya simulizi, tuandike kwamba alinyamaza, kisha tungoje. Alifundishwa kunyamaza na watu waliompenda, na kunyamaza ndiko kulikomfikisha mbele yetu. Asidaiwe kusema kwa sababu tu sisi tuna tarehe ya kuwasilisha kazi.