Kuanzia Mferejini: Kumfundisha Mtoto Mwenye Usonji Kazi za Kila Siku
Kijitabu cha wazazi na walezi wa Makongeni, Thika

Kimeandikiwa nani

Kijitabu hiki ni cha mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka minne, mitano au saba na bado hasemi, au husema matangazo ya redio neno kwa neno bila kumwelekezea mtu yeyote. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua karatasi ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Ni cha shosho anayebaki na mtoto mama akienda kibaruani, na cha dada wa kazi. Pia ni cha jirani wa ploti anayeuliza kwa sauti ya chini: "Huyo mtoto wenu ana nini?"

Jirani ajibiwe bila kuficha: ana usonji. Ubongo wake umekua kwa njia tofauti tangu mwanzo, na ndiyo maana mazungumzo, mabadiliko ya ratiba, kelele na mambo ya kuguswa humpata vingine. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji, kwa hivyo katika mtaa wenye watu wengi kama Makongeni huyu hawezi kuwa peke yake. Hakuna aliyemroga. Hakuharibiwa na malezi ya mama, wala na chanjo: utafiti wa Uingereza wa 1998 uliosingizia chanjo ulifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililouchapisha. Dawa ya kuponya usonji haipo, na anayekuuzia moja anakula pesa zako. Kifafa ni jambo jingine. Huwapata watoto wengi wenye usonji kuliko watoto wengine na kina dawa zake, ambazo hazifai kuachwa bila kumwuliza daktari.

Lipo hata hivyo jambo linalosaidia, na sehemu kubwa yake hufanyika nyumbani. Mtoto hufundishwa stadi moja kwa wakati, ikiwa imekatwa vipande vidogo, na kila anapofaulu anapata kitu anachokipenda papo hapo. Wataalamu huiita njia ya tabia, kwa sababu inaangalia kinachoonekana: mtoto amefanya nini, nini kilitangulia, nini kilifuata. Msingi wake hata mwenye duka anaujua. Mteja aliyehudumiwa vizuri hurudi, na mtoto hurudia lile lililomletea faida.

Somo la mferejini

Chukua kunawa mikono. Kwetu tunalitaja kana kwamba ni tendo moja, lakini hesabu: kufungua mfereji, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga mfereji, kujipangusa. Ni kazi saba. Ukimwambia mtoto "nawa mikono" umemtwika zote saba kwa maneno mawili, kisha unakasirika akisimama akitazama maji yanavyometa.

Anza na ya saba. Ndiyo, ya mwisho. Mfanyie zile sita za kwanza huku ukimwongoza mikono, halafu mwachie taulo ajipanguse mwenyewe. Akijipangusa, hata vibaya, mpe tuzo sekunde ileile. Akishaizoea kazi hiyo kwa siku kadhaa, mwachie na ya sita: afunge mfereji, ajipanguse. Halafu ya tano. Mtoto anayefundishwa kwa kurudi nyuma hivi humaliza kila mara kwa ushindi. Anayeanzia mwanzo hukwama katikati kila siku, na kinachomkaa kichwani ni kukwama.

Simama nyuma yake, usimkabili. Mikono yako iwe juu ya yake ikitokea nyuma, kama yake mwenyewe inavyokaa. Wiki ya kwanza unashika viganja. Baadaye unashika vifundo vya mikono tu, kisha unagusa kiwiko, kisha unaonyesha kwa kidole, mwishowe unasimama kando. Msaada usioondolewa humfanya mtoto amngoje mama amguse ndipo aanze. Maneno yawe machache, tena yaleyale. Mama akisema "pangusa", baba "futa", na shosho amwambie kwa Kikuyu, kwa mtoto anayeanza hizo ni amri tatu. Hatusemi muache lugha yenu. Kukua na lugha mbili hakumwongezei mtoto usonji wala hakumcheleweshi kusema. Elewaneni tu neno moja kwa kila tendo.

Tuzo ni ipi? Ni ile anayoipenda yeye. Thika ina nanasi kila kona, na kipande kilichokatwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba kinatosha kwa zoezi moja. Nanasi moja linakupa wiki ya masomo. Mtoto mwingine hataki chakula. Anataka kuzungushwa hewani, au kusikia sauti ya kifuniko cha chupa kikigongwa. Mpe hicho, pamoja na tabasamu na jina lake, ili polepole tabasamu lenyewe liwe na thamani.

Wazazi wengi hutuuliza kama hii si hongo. Hongo hutolewa ili mtoto aache kulia. Tuzo hutolewa baada ya kazi kufanyika. Ukimpa peremende akiwa amelala chini anapiga kelele, umemfundisha kulala chini na kupiga kelele, na atakuwa mwanafunzi bora kabisa wa somo hilo.

Sasa, maji ya mfereji hayatoki kila siku, na wenye ploti mnajua. Mtoto aliyejifunza kwenye mfereji pekee atasimama pale akilia siku yakikatika. Kwa hivyo akishaweza mferejini, mfundishe upya kwa mtungi na kikombe, kisha kwa beseni, kisha nyumbani kwa shangazi, kisha na baba akiwa ndiye msimamizi. Stadi isiyohama mahali pake bado haijawa ya mtoto.

Kelele za stejini

Stadi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni zile tabia zinazowaaibisha wazazi mbele za watu: mtoto anajigonga kichwa, anang'ata, anajitupa chini barabarani. Kabla ya kuzizuia, zichunguze. Nunua daftari la kurasa 32, chora mistari miwili ya kusimama upate safu tatu: kabla, tendo, baada. Andika kila linapotokea, kwa maneno machache.

Tuseme kila mkifika stejini, pale penye mkokoteni wa smoki, mtoto anapiga mayowe. Baada ya siku kumi unasoma daftari na kuona kwamba mara nane mayowe yalikwisha aliponunuliwa smoki. Basi mayowe ndiyo maneno yake; anaagiza. Lakini mama mwingine mwenye mtoto wa mayowe yaleyale atakuta mtoto wake hula smoki kisha anaendelea kulia, na hunyamaza tu wakishatoka penye honi za matatu. Huyo anakimbia kelele. Ukimnunulia smoki unampotezea wakati, na ukimchapa unamwongezea kelele.

Kwa kawaida sababu huwa miongoni mwa hizi nne: kupata kitu, kukwepa kitu, kutaka watu wamwangalie, au mwili wenyewe kujituliza. Ukishaijua, mfundishe njia nyepesi ya kupata jambo lilelile. Yule wa smoki apewe picha ya kumkabidhi mama, hata iliyokatwa kwenye gazeti na kubandikwa kwenye boksi. Picha ikifika mkononi, smoki inakuja haraka, angalau kwa wiki za kwanza, hadi ajue kwamba karatasi ina nguvu kuliko mayowe. Yule wa kelele afundishwe kugusa masikio yake kama ishara, na mama apite njia ya nyuma.

Na anayerusharusha mikono akifurahi? Mwache. Hamuumizi mtu. Kumfundisha mtoto aonekane wa kawaida machoni pa wageni ni kazi isiyo na mwisho, na mzazi wa Makongeni hana muda huo.

Njia hii ilikotoka, na ilipokosea

Hili tunalisema wazi kwa sababu mzazi atalisikia kwingine. Aliyeifanya njia ya tabia ijulikane sana katika usonji ni Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1987 aliandika kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa karibu saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kusoma darasa la kawaida. Wenzake waliuhoji utafiti huo, kwa kuwa watoto hawakugawanywa kwa kura. Lenye uchungu zaidi ni kwamba katika miaka ya 1960 maabara yake ilitumia makofi na hata shoti za umeme kuwazuia watoto. Leo watu wazima wenye usonji wanasimulia jinsi walivyofundishwa utii wakaja kushindwa kukataa hata wanapodhulumiwa. Wana haki ya kusikilizwa.

Kilichobaki kizuri kimechanganywa na michezo na shughuli za nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, wenye vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na umefanyiwa majaribio Ethiopia na Kenya. Huna haja ya saa 40. Dakika kumi wakati wa kunawa, kumi wakati wa kuvaa, kila siku, zinajenga. Viboko havina nafasi hapa. Ibara ya 29 ya Katiba yetu inakataza adhabu ya kiboko, nayo haikumtoa mtoto mwenye usonji. Na mtoto akisema "sitaki" kwa neno, kwa picha au kwa kusukuma sahani, mara nyingi iwezekanavyo likubali. Hiyo nayo ni stadi.

Pa kwenda

Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha tathmini, ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na ndivyo vinavyopendekeza mtoto asome wapi. Hospitali ya Thika Level 5 itakagua masikio na kifafa, na kipimo cha masikio kitangulie, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. Chuo cha taifa cha elimu maalumu, KISE, kipo Kasarani na kinafanya tathmini. Kutoka Thika unakifikia kwa matatu za Thika Road. Ngara, Nairobi, Shule ya Msingi ya City ina kitengo cha watoto wenye usonji kilichoanza 2003, mwaka ambao wazazi wa Kenya waliunda chama chao, Autism Society of Kenya. Msajili mtoto pia kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Popote utakapokwenda, beba lile daftari la safu tatu. Mtaalamu atakaa na mtoto wako saa moja. Wewe umekaa naye miaka. Na usingoje afikishe umri wa kuanza shule.