Doa la Biriani kwenye Kanzu: Fanya Hivi, Usithubutu Vile

Mchuzi wa biriani ukidondoka kwenye kanzu nyeupe harusini, kila jirani wa sinia hugeuka fundi. Usimsikilize yeyote.

USIMWAGIE maji. Maji na mafuta hayaelewani. Utalowesha nguo na doa libaki palepale. Usisugue kwa leso pia, unalitandaza.

BANDIKA kitambaa kikavu kinyonye. Nyunyiza poda ya mtoto, subiri nusu saa, kung'uta.

PAKA sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, doa likiwa bado kavu. Kazi yote iko hapa. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huzama ndani ya tone la mafuta, vichwa hubaki nje, na tone lililozingirwa hivyo hukubali kubebwa na maji. Ipe dakika 10, fikicha taratibu, kisha suuza kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili.

USITEGEMEE sabuni ya mche kama maji yako ni ya kisima cha chumvichumvi. Kalisi iliyomo huikamata sabuni ikawa utando mweupe, povu utaliona kwa jirani.

Umeshapaka sabuni na doa limekuwa jekundu? Tulia, si damu. Ni bizari ya manjano. Ikikutana na besi, iwe magadi au sabuni kali, hubadili rangi. Suuza, kamulia ndimu, unjano utarudi. Mafuta yakishatoka yote, anika juani: jua huufifisha.

USITIE jiki. Mafuta haiyatoi, ila uzi wa pamba inaula. Na jiki ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Hili halina mjadala.

USIPIGE pasi kabla ya kuikagua nguo mwangani. Ukiona hata kivuli cha doa, rudia kuosha. Joto huyagandisha mafuta kwenye uzi kama ule utando wa njano wa kikaango, na hapo hata mimi sikusaidii.

Mafuta ya taa yaachie ovaroli la gereji, mbali na moto. Petroli, hapana kabisa.

Ya hariri mpelekee dobi, na umwambie doa ni la nini. Dobi hapigi ramli.