Mama Pima na Sheria ya Mututho

Hatua za mswada sote tumezikariri darasani: kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili, kamati, mara ya tatu, kisha sahihi ya Rais. Waama, alama tunapata. Lakini nenda steji ya matatu hapa Nakuru umwulize makanga habari za miswada, atakutazama tu. Mwulize habari za Mututho! Atakueleza mpaka gari lijae.

John Mututho alichaguliwa kuwa mbunge wa Naivasha mwishoni mwa mwaka wa 2007, akakalia kiti hicho hadi 2013. Hakuwa waziri. Miswada mingi huletwa Bungeni na serikali, ila huu aliuleta yeye mwenyewe, ukapita, ukawa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010. Ikumbukwe kwamba Naivasha kuna kiwanda cha pombe. Mbunge wa huko kuleta mswada kama huo si mchezo.

Kwa nini sheria yenyewe? Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kwa ajili ya bei yake kiliua watu zaidi ya 100. Mwaka wa 2005 makumi wengine walikufa Machakos. Muuaji ni methanoli, kemikali ya viwandani isiyo na rangi, ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Mwili huigeuza kuwa asidi, asidi hiyo hushambulia neva za macho, na anayeponea chupuchupu huenda akabaki kipofu.

Sheria ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Wikendi na sikukuu zianze saa nane mchana. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Baa mpya isipewe leseni ikiwa chini ya mita 300 kutoka shule kama yetu. Haya watu waliyaelewa upesi, na wengine wakanung'unika upesi zaidi.

Penye utata ni chang'aa. Ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1980, nayo sheria mpya ikaifuta marufuku hiyo. Jamani, habari ilivyosafiri! "Chang'aa imeruhusiwa," basi. Nusu ya pili ilibaki Nairobi: iruhusiwe ikiwa mtengenezaji ana leseni, imetimiza viwango vya ubora, na imetiwa katika chupa ya kioo.

Katika kikao kimoja cha chama chetu tulijaribu kumwandikia mama pima sentensi moja ya kueleza kifungu hicho. Mmoja wetu aliandika, "Chang'aa ni halali ikipimwa." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mama pima naye hupima, ndiyo maana akaitwa hivyo! Yeye hupima kwa gilasi. Sheria inataka kupima kwa maabara. Neno ni moja, na kati ya maana zake mbili kuna kaburi. Tulibadilisha tukaandika "ikichunguzwa sumu".

Naona hapa ndipo kazi ya mbunge inapokuwa ngumu kuliko Bungeni kwenyewe. Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni mwaka wa 1974, na Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo miswada imeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 118 kinataka wananchi washirikishwe. Washirikishwe vipi katika jambo wasilolisoma? Barazani mbunge, au chifu, hutafsiri papo hapo kwa kichwa, na atakachosahau ndicho kitakachosahaulika kijijini.

Sisemi tafsiri peke yake ingetosha. Mwaka wa 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko, na Februari 2024 wengine zaidi ya kumi wakafa Kirinyaga. Wauza sumu wanajua wafanyalo. Mnywaji ndiye asiyejua.

Leseni za vileo sasa ni kazi ya kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa kwanza ni mwakilishi wa wadi. Karatasi yetu ya sentensi nane tumeibandika kwenye ubao wa chama. Ya tano bado inatusumbua: "methanoli" tumeiacha vivyo hivyo, na mama pima hatalijua neno hilo. Mwenye neno bora amwone katibu.