SOMO: Hisa za Kikundi – Wakati wa Subira na Wakati wa Haraka



Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa, tukiweka pesa za kikundi kwenye hisa, tufuate lipi?

Sisi wa Kericho na Bomet jibu tunalo shambani. Mche wa chai hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuanza kulipa. Ukiung'oa kwa sababu umechelewa, hutavuna kamwe. Lakini jani likishachumwa, lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo linaharibika. Mche unataka subira, jani linataka haraka.

Subira. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa. Walioomba walikuwa wengi mno, hata mwananchi wa kawaida akapata karibu moja ya tano tu ya alichoomba. Kabla mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Aliyekopa alibanwa na riba, akauza kwa hasara. Aliyetumia pesa yake mwenyewe aliweza kungoja, kwa maana kampuni ilikuwa bado inapata faida. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 20. Bei hupanda na kushuka. Ile peke yake si sababu ya kukimbia.

Haraka. Mumias ya sukari iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, ikapendwa sana. Kuanzia 2013 ikatangaza hasara mwaka baada ya mwaka. Wengi wakasema, "Tungoje, itainuka." Mwaka 2019 benki iliyoidai ikaweka msimamizi wake, na hisa zikaacha kuuzwa sokoni. Hapo si bei iliyougua, ni kampuni yenyewe. Jani lilikuwa linaoza kwenye kikapu.

Basi, kikundi kifanye nini?

1. Tumieni pesa ambayo hamtaihitaji kwa miaka mitano. Bonasi ikija, toeni kwanza karo, mbolea na akiba ya ugonjwa. Msikope kununua hisa.

2. Kila mwaka someni hesabu za kampuni: je, imepata faida? Imelipa gawio? Madeni yanaongezeka?

3. Andikeni mapema, kwenye kitabu cha mikutano, dalili itakayowafanya muuze. Kwa mfano: hasara miaka miwili mfululizo. Ikitokea, mkutano uitwe ndani ya siku saba. Mkiwa mmekubaliana mapema, hamtagombana siku ya hofu.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

- Pesa yetu ni ya kungoja, au ina kazi mwezi ujao?
- Tukitaka kuuza leo, sababu ni bei tu au ni kampuni?
- Nani kati yetu atafuatilia habari na kutuletea kila mkutano?