MACHO NA MASIKIO: SOMO KWA WAKUBWA WA VIJIJI NA WALIMU

Katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, hasa Kongwa na pande zote za Ugogo, yako maradhi mawili ambayo watu wameyazoea tangu zamani hata hawayahesabu kuwa maradhi. Ya kwanza ni vikope, yaani trakoma, ambayo huharibu macho polepole. Ya pili ni usaha wa masikio ya watoto. Mtoto mwenye tongotongo na nzi usoni husemwa kuwa ndivyo watoto walivyo. Na yule mwenye sikio linalonuka husemwa kuwa litakauka lenyewe akiwa mkubwa. Maneno haya si kweli. Tena twapenda wasomaji wajue ya kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kuyaondoa maradhi haya haimo hospitalini, imo vijijini.

Natuanze na macho. Trakoma huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho hupita kutoka mtu kwa mtu kwa njia ya vidole, ya nguo ambayo mama hufutia nyuso za watoto wawili watatu, na ya nzi. Mtoto akiambukizwa mara moja aweza kupona bila dhara. Lakini akiambukizwa tena na tena, mwaka kwa mwaka, upande wa ndani wa kifuniko cha jicho hufanya makovu. Makovu hukaza kama ngozi iliyoanikwa juani, kifuniko kikajikunja kwa ndani, na nywele za kope zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Mwisho kioo hugeuka cheupe, na upofu wa namna hiyo haurudi nyuma. Kwa hiyo mzee aliyepofuka leo alianza kupofuka alipokuwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto wadogo mchana na usiku. Ukimwona mama anayetembea na kibano kidogo cha kung'olea kope, ujue kope zake zimegeuka ndani. Kibano humpa nafuu ya siku chache tu, maana nywele huota tena, fupi na kali kuliko kwanza. Dawa yake ni kupasuliwa. Kazi hii si kubwa kama watu waiogopavyo: mganga hutia ganzi, hukigeuza kifuniko kielekee nje, hushona, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Tena si lazima awe daktari mkubwa; wauguzi na waganga waliofundishwa huifanya hata katika zahanati ya kijiji. Baadaye kope huweza kugeuka tena kwa baadhi ya watu, na hao yapasa warudi waangaliwe, wala wasikae kimya kwa kudhani kazi ya kwanza ilikuwa bure.

Mbona basi wengi hawaji? Si kwa ujinga, kama wengine wapendavyo kusema. Mama hujiuliza nani atawapikia watoto, nani atachota maji, nani atamshika mkono njiani akiwa amefungwa kitambaa jichoni. Hapa mkubwa wa kijiji anaweza kufanya mengi. Aandike katika daftari majina ya wote wenye kope zilizogeuka, na ya wazee wenye mtoto wa jicho, ambao nao huona tena kwa kupasuliwa na kuwekewa kioo kipya ndani ya jicho. Waganga watakapotangaza siku yao, majina yako tayari, na jirani wa kila mmoja amekwisha kuambiwa zamu yake ya kusaidia. Daftari la namna hiyo lina faida kuliko hotuba kumi.

Sasa habari ya dawa. Dawa iitwayo azithromaisini hunywewa mara moja tu, na mahali penye trakoma nyingi hugawiwa kijiji kizima mara moja kwa mwaka. Kipimo cha mtoto hujulikana kwa kumsimamisha kando ya fimbo yenye alama. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi hiyo, bali hutiwa mafuta ya tetrasaiklini machoni. Wengi huuliza kwa nini mtu asiye na maumivu anywe dawa. Jibu ni kwamba kijidudu huweza kukaa katika jicho lisiloonyesha dalili yo yote. Kwa sababu hiyo waganga hutaka watu 80 au zaidi katika kila 100 wapate dawa. Nyumba moja ikijificha, huwarudishia ugonjwa jirani zake waliokwisha kupona.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Jambo hili lilijaribiwa Kongwa kwenyewe, na habari zake zikatangazwa mwaka 1995. Vijiji 6 vilichaguliwa. Vyote vilipewa dawa ya macho, ila katika vijiji 3 watu walishawishiwa pia kuwaosha watoto nyuso na kuziacha safi. Baada ya mwaka, watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walionekana kuwa na trakoma kali kidogo kuliko wenzao. Twaona fahari kwamba jambo ambalo madaktari wa nchi nyingi hulifundisha sasa lilipata ushahidi wake katika vijiji vya Wagogo.

Watu wa huko walitoa hoja moja yenye haki: maji ni haba, na kisima ki mbali. Ni kweli. Walakini uso wa mtoto hautaki ndoo. Chukua kibuyu au kopo, toboa tundu dogo kama ncha ya msumari, litundike juu ya mti: maji yatatoka kidogo kidogo, na kopo moja litaosha nyuso nyingi. Maneno haya wasiambiwe akina mama peke yao. Katika nyumba nyingi mume ndiye aamuaye maji yatumike kwa kazi gani, na mume asipokubali, kopo litakaa kavu.

Kuna neno pia juu ya nzi. Nzi apendaye kutua machoni huzaa hasa katika mavi ya watu yaliyoachwa juu ya ardhi wazi. Katika choo cha shimo hazai. Basi mtu achimbaye choo nyuma ya nyumba yake anayalinda macho ya watoto wa jirani pia. Nchi zilizoshika mambo haya yote pamoja, yaani kupasua, dawa, uso safi na vyoo, zimeona matunda: Ghana ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa trakoma si tatizo la watu wote tena, na Malawi, jirani zetu, mwaka 2022.

Tuje kwenye masikio. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka 2021 kwamba katika kila watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, wapata 60 wangaliweza kukingwa. Surua, matumbwitumbwi, rubela na homa ya uti wa mgongo huua masikio, na nyingi katika hizo zina chanjo. Dawa nyingine nazo huweza kudhuru kusikia, kama sindano za streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini; hazifai kuchomwa na mtu asiye mganga, wala kununuliwa gulioni.

Usaha ndio unaoonekana mara nyingi. Mafua huingia sikio la kati, usaha hujaa, kisha hutoboa kiwambo na kutoka nje. Usaha usiotimiza siku 14 huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga. Uliotimiza siku 14 au kuzidi huhitaji dawa ya matone, nayo haifanyi kazi sikio likiwa limejaa maji. Kwa hiyo kwanza likaushwe: sokota kitambaa laini kilicho safi kiwe kama utambi, kiingize sikioni, kikilowa kitoe, tia kingine, hata kitoke kikavu. Fanya hivyo mara 3 kila siku. Kijiti, unyoya wa kuku, mafuta ya moto na maji ya majani visitiwe kamwe. Na ikiwa nyuma ya sikio pamevimba na pana maumivu, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana usaha umeingia mfupani na kutoka huko huweza kufika kwenye ubongo.

Neno la mwisho ni la walimu. Katika kila darasa huenda yuko mtoto anayeitwa mvivu au mkaidi, naye kosa lake ni kwamba haoni ubao au hasikii swali. Fimbo haimponyi. Mwanzo wa mwaka, mwalimu apime mita 6, abandike ukutani karatasi yenye alama za E zilizogeuzwa huku na huku, ambayo hupatikana kwa waganga wa macho, na kila mtoto aonyeshe kwa mkono upande alama ilikoelekea, jicho moja moja. Kwa masikio, asimame nyuma ya mtoto kwa urefu wa mkono, mtoto azibe sikio moja, mwalimu anong'one maneno mepesi, naye ayarudie. Atakayeshindwa aandikiwe barua kwa mganga, na huku akingoja akae mstari wa mbele, lile sikio lililo zima likielekea kwa mwalimu.