Taa za Gari Zikipepesa

Ndugu wanachama, wengi wetu twateremsha karafuu kutoka shamba baada ya magharibi, na njiani wamo watu wa miguu. Taa zikiwa huwaka na kufifia, usikimbilie kununua alteneta mpya. Tazama kwanza viungo vya nyaya, maana hewa ya chumvi ya visiwani huvila upesi.

1. Ikipepesa taa moja tu, kosa li katika globu, kikalio chake au waya wake.

2. Zikipepesa zote mbili, zima injini, ujaribu nyaya za betri kwa mkono. Zikilegea au zikiota unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa msasa, kaza. Wa hasi urudishe mwisho. Safisha pia ule uliofungwa kwenye bodi.

3. Zikiendelea, washa injini, upime betri kwa mita. Gari nyingi za volti 12 huonyesha 13.8 hadi 14.4. Ikiwa chini ya 13, zima injini, kaza mkanda wa alteneta. Isipopanda, ndipo umwite fundi.

Usitie kipande cha waya mahali pa fyuzi: gari yaweza kuungua pamoja na karafuu zako.